Panya wa sebuleni

KIBAO CHA MBUZI, na Bi. Mkorosho

Wiki hii nimekasirishwa na panya. Si wa kwenye ghala la ufuta, huyo tumeshazoeana, wala si wa kwenye sufuria, huyo sijawahi kugombana naye. Nasema panya wa sebuleni, aliyeletwa Nachingwea kwa basi kutoka Dar es Salaam, akapandishwa juu ya friji, watu wazima na akili zao wakapanga foleni kumpiga picha. Naweka msimamo wangu mapema ili asiyeupenda ahamie ukurasa wa michezo akasome habari za Namungo: anayenunua kiumbe bila kujua kinalala vipi, afadhali mwizi wa kuku. Mwizi wa kuku angalau anajua kuku analala wapi.

Mwenye panya ni shemeji yangu. Ufuta umemwendea vizuri msimu huu, malipo ya mnada yakaingia benki bila longolongo, na wanaume wa ukoo ule fedha zikiwalalia benki hupata homa. Akaenda Dar kununua bati. Akarudi na bati pungufu na tundu la ndege lenye mnyama ndani, kwa sababu watoto walikuwa wamemwona kwenye simu wakalia, na baba naye akalainika. Muuzaji alimwambia ni hamsta.

Nikamtazama huyo hamsta. Mkia mrefu karibu sawa na mwili, una manyoya mpaka nchani na kishungi cheusi mwishoni. Amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, anatuangalia. Hamsta hana mkia wa kuzungumziwa. Huyu ni jebili, panya wa nyika kavu za Mongolia, ambaye wazee wake walipelekwa Marekani mwaka 1954 kutoka Japani kwa kazi za maabara, watu wakawapenda, wakawahamishia majumbani. Jamaa zake wa porini tunao hapahapa Tanzania, ila hao hawaji na risiti ya elfu themanini.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na kufuga. Kule Njombe simbilisi wanakimbizana jikoni, watoto wanawakatia majani, na mgeni akija mmoja wao anakwenda na maji. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linamsomesha panya buku kwa ndizi na karanga mpaka ananusa bomu lililofukiwa ardhini. Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alivishwa medali ya dhahabu ya Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Wenzake walifanya kazi hiyo Msumbiji pia, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya kutegwa ardhini. Sisi wa Nachingwea, tuliowahifadhi wapiganaji wa Frelimo, tungekuwa wa mwisho kumdharau panya. Lakini wanyama hao wote wana mtu anayejua kazi yake. Huyu wa juu ya friji ana shemeji yangu.

Friji lenyewe linatetemeka likiwaka. Dirisha liko magharibi, jua la alasiri linampiga usoni. Sakafu ya tundu ni waya mtupu. Yuko peke yake, na mnyama huyu huishi kwa ukoo. Maji yake yamo kwenye kifuniko cha soda, yamechafuka makombo ya chapati. Karanga ndiyo usiseme, anamwagiwa na kila anayepita, mpaka tumbo limeshuka.

Na karanga Nachingwea zina historia yake. Waingereza walikuja na mradi wao mwaka 1947, matrekta kwa mamia, reli ikatandikwa, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Reli nayo ikaja kung'olewa. Sababu ni moja tu, wataalamu wanizomee wakitaka: hawakumuuliza mwenyeji mvua inanyeshaje na udongo ukikauka unakuwaje. Nikimtazama shemeji akimpa Mmongolia karanga ya kumi, nasema damu ya ule mradi haijakauka.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mtoto wa kati alifungua mlango wa tundu, akaingiza mkono, akamshika mkia. Nilipiga kelele lakini nilikuwa nimechelewa. Mnyama alijivuta mara moja, ngozi ya mkia ikavuka kama soksi, ikabaki kwenye vidole vya mtoto pamoja na kile kishungi cheusi, na kwa mwenyewe kikabaki kijiti chekundu, chembamba, kina unyevu. Ndivyo alivyoumbwa. Ndege mla nyama akimkamata mkia, anamwachia ngozi na kuzama shimoni. Kijiti hicho hukauka na kukatika, na ngozi haioti tena. Ndiyo maana jebili hashikwi mkia kabisa, hukingwa kwa viganja viwili.

Sebule nzima ilicheka. Mgeni mmoja akamwomba mtoto arudie, eti simu yake ilikuwa haijawa tayari. Shemeji akasema, "Utaota tu, si mkia?"

Nikaacha pilau. Wanaonijua wanajua uzito wa sentensi hiyo. Hata Mwenye Redio, ambaye tangu tuoane hajawahi kuzima taarifa ya habari kwa ajili yangu, alizima.

Yule mnyama alikimbilia pembeni ya tundu akaanza kukwangua. Anakwangua kwa mikono miwili, haraka haraka, anasimama kidogo, anarudia palepale, waya unalia kiii kiii. "Anacheza," akasema shemeji. "Tangu tumlete anapenda sana hiyo kona."

Mlangoni alikuwa amesimama kijana mmoja kutoka upande wa Mnero, ameleta gunia la mkaa, anasubiri fedha yake ambayo kila mtu amejisahaulisha. Akaninong'oneza: "Shangazi, huyu hachezi. Anatafuta mlango."

Kijana huyu mavuno yakiisha yumo mashambani na wenzake na majembe, wanafukua panya. Wale mnaokula na mnaojifanya hamli, wote mnajua ninachosema. Akanieleza taratibu, kwa vidole, akichora juu ya gunia. Unaanza kwa kuziba matundu ya pembeni kwa mawe, unaacha moja. Ukichimba unakuta ghala la mbegu. Mbele yake kuna chumba, majani makavu yametafunwa yakawa laini, hapo ndipo analala na wanawe. Na mbele zaidi kuna njia ya dharura iliyopanda mpaka karibu na juu, ameiacha na udongo mwembamba tu. Akisikia jembe anaupiga kichwa, huyo! "Sasa huyu chumba hana. Hata mkimwekea mchanga atakwangua. Mpeni pa kuingia."

Nilipofika kwangu nikasoma, maana hasira yangu hupenda ushahidi. Mtafiti wa Zürich, Wiedenmayer, alichapisha jambo hilohilo mwaka 1997. Watoto wa jebili waliowekewa mchanga mkavu wa kuchimba waliendelea kukwangua kona bila kikomo. Waliopewa chumba cha giza kinachofikiwa kwa njia nyembamba walikuwa hawana tabia hiyo. Uswisi walihitaji maabara kulijua hili. Mnero wanahitaji mboga.

Mengine wala si kazi. Sanduku pana la kioo lenye kifuniko cha wavu, maranda mpaka sentimita 30 kwenda chini, na maranda kwa maseremala wetu yanachomwa moto kila jioni. Uyachukue tu yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa. Chumba cha kulala na njia yake, kwa ubao au chungu, maana plastiki ataila. Bakuli la mchanga mkavu wa kugaagaa, ndivyo anavyosafisha manyoya. Wawe wawili, ndugu wa jinsia moja waliokua pamoja, kwa sababu wakubwa wasiojuana ukiwatia ndani mara moja watauana. Mtama, uwele, maji safi, karanga ya kuonja. Na ashuke juu ya friji.

Kesho yake nilikuwa Ruangwa, nikalisimulia hili kwa mama ntilie ninayemwamini kuliko magazeti, hili likiwemo. Hakucheka. Ruangwa panya si kichekesho. Julai 2022 watu walikuwa wanaugua homa na kutokwa damu puani, kituo cha afya cha Mbekenyera kikapokea wagonjwa, nchi nzima ikashika roho mkononi. Kisha Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, watatu kati yao wamefariki. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, vikaingia kwenye maji na udongo, na kutoka hapo vikampata mtu.

Panya aliyezaliwa dukani si yule wa mgundani, nakubali. Lakini tundu linalomwaga makombo usiku kucha linawaita wa darini waje kula, na wakila watakojoa hapohapo, na asubuhi mtoto anaingiza mkono kisha anaupeleka mdomoni. Mwaka ule shemeji huyuhuyu alikuwa anavaa buti za mvua kwenda msalani. Leo panya anakula juu ya friji lenye maziwa ya watoto wake, na sabuni iko uani.

Juzi dada yangu amenipigia. Shemeji kumbe kelele zangu zilimwingia, akamwita yule kijana wa Mnero amtengenezee mnyama nyumba, akamtolea elfu mbili. Kijana akasema elfu kumi, na fedha ya mkaa juu. Shemeji akapandisha: elfu kumi kwa shimo la panya?

Kijana akamjibu kwa adabu zote, "Basi baba, mleteni shambani kwetu. Mashimo yapo tayari, nitamwonyesha moja bure. Ila tukishavuna, msije kumdai."