Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wazee wetu hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi kijana akishika simu tu, anaambiwa aweke pesa katika mifuko ya hisa ya ng'ambo. Ubishi nao huwa ni mmoja: ati, mfuko upi ulileta faida kubwa mwaka jana? Kwa maoni yangu, anayelinganisha mifuko kwa swali hilo pekee anajichimbia shimo.

Hebu tutazame mifuko miwili ya Marekani. Yote miwili huuzwa sokoni kama hisa za kawaida, na kila mmoja una mameneja wanaochagua wenyewe hisa za kununua. Wa kwanza ni ARK Innovation, ulioanzishwa mwaka wa 2014 na kampuni ya Bi. Cathie Wood. Huo huweka pesa katika kampuni chache za uvumbuzi, mathalani Tesla ya magari ya umeme. Wa pili ni JPMorgan Equity Premium Income, ulioanza Mei 2020. Huo hununua hisa za kampuni kubwa nyingi, kisha huuza sehemu ya faida ambayo ingepatikana bei zikipanda sana. Malipo ya mauzo hayo hugawiwa wenye mfuko kila mwezi.

Sasa tupige hesabu, jameni. Mwaka wa 2020 mfuko wa ARK ulipanda kwa asilimia 150 hivi. Aliyeanza mwaka na 10,000 aliumaliza na 25,000. Sifa zikaenea, watu wakamiminika. Mwaka wa 2021 ukashuka kwa asilimia 23, na 2022 kwa asilimia 67. Zile 25,000 zikawa kama 6,400. Mwaka wa 2023 ukapanda tena kwa asilimia 67, nazo zikafika 10,600 hivi. Miaka minne ya mbio, na mtu yuko karibu pale pale alipoanzia! Na yule aliyevutwa na sifa akaingia na 10,000 mwanzoni mwa 2021? Kufikia mwisho wa 2023 alibaki na kama 4,200 tu. Kumbukeni kwamba kushuka kwa asilimia 67 na kupanda kwa asilimia 67 havilingani asilani. Mia ikishuka hivyo hubaki 33, na 33 ikipanda hivyo hufika 55 tu.

Je, basi mfuko wa pili ndio bora? La hasha! Ni kweli kwamba mwaka wa 2022 haukupoteza hata asilimia 5. Lakini 2023 ulipata kama asilimia 10 tu, kwa kuwa aliyekwisha kuuza sehemu ya mavuno hawezi kuyavuna yote. Tena malipo yake ya kila mwezi hupanda na kushuka, si mshahara.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, kabla ya kutoa hata senti, chukua daftari uandike majibu ya maswali matatu. Kwanza, mfuko huu unafanya kazi gani? Wa kukimbia na wa kutembea hawashindanishwi kwa mbio pekee. Pili, mwaka wake mbaya kabisa ulikuwaje, na mimi ningestahimili? Tatu, meneja anakata kiasi gani? Katika kila 10,000, ARK hukata 75 kwa mwaka na JPMorgan 35, iwe faida au hasara.

Wako watakaosema kwamba meneja hodari anatosha, tumwachie yeye kazi. Nami nawajibu: uhodari wake hauwezi kumfanya aione kesho. Pesa ya karo iliyopotea sokoni hailipwi na meneja. Italipwa na mzazi aliyeuza ng'ombe. Hesabu tunazofundishwa darasani za asilimia si za mtihani tu. Tuzitumie kabla ya kutoa pesa, si baada.