Msiuze Land Rover kwa kilo

Mnunuzi wa vyuma chakavu hana haja ya kujua gari lilimbeba nani wala lilitengenezwa lini. Hugonga bodi kwa kidole, husikiliza, kisha hutaja bei ya kilo. Akiikuta Land Rover ya zamani huchangamka zaidi, kwa maana bodi yake ni alumini, na alumini ina soko zuri kuliko bati. Mlango ambao chifu au mganga wa zahanati aliufungua kwa miaka thelathini huishia kwenye jiko la kuyeyushia, ukatoka sufuria.

Biashara hiyo si haramu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inaitambua, na hata Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipoipiga marufuku Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme, marufuku hiyo iliondolewa miezi michache baadaye. Lakini mtu wa Ahero, kaunti ya Kisumu, anayeiuza Land Rover yake kwa kilo anajipunja, tena anauza kitu ambacho hatakipata tena hata akirudi na pesa mkononi. Kwa kanuni za Kenya, gari lililotumika haliingizwi nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane. Land Rover za muundo wa Series zilikoma kutengenezwa mwaka 1985. Kwa hiyo zilizopo ndizo hizo hizo, na kila moja inayokatwa inapunguza hesabu.

Alumini yenyewe ina kisa chake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, na kampuni ya Rover ikamtegemea mhandisi wake Maurice Wilks kubuni gari la shamba ambalo bodi yake haingehitaji chuma kingi. Gari hilo lilioneshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Lilifika Afrika Mashariki pamoja na maofisa wa kikoloni, likabaki baada ya uhuru likiwa na nambari za serikali za GK, mikononi mwa utawala wa mikoa, polisi na maofisa wa kilimo. Baadaye nyingine ziliungwa hapa hapa nchini, katika kiwanda cha Thika kilichoitwa Leyland Kenya, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers. Serikali ilipozichoka ilizipiga mnada, na hapo ndipo mwalimu, mkulima wa miwa na mwenye duka walipozipata.

Ahero kuna sababu ya kuwa nazo. Mji huu uko pale ambapo barabara kutoka Kisumu inagawanyika, moja ikielekea Kericho na nyingine Kisii, na ukiwa juu ya lami hakuna gari linaloshindwa. Kilomita moja tu nje ya lami mambo hubadilika. Uwanda wa Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi: kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, masika unageuka gundi. Skimu ya mpunga ya Ahero, iliyoanzishwa miaka ya 1960, huvuta maji ya Mto Nyando kwa pampu, na njia zinazopita kati ya mifereji yake ni nyembamba na zenye utelezi. Mto huo huo ukijaa mvua kutoka milima ya Nandi huvunja kingo na kuingia majumbani Ombaka na Kochogo, kama wakazi walivyoona mwaka 2020 na tena mwaka 2024.

Toyota Probox, ambayo ni farasi wa kila kazi katika Nyanza yote, hapo hukaa kitako. Trekta hupita, lakini trekta halimbebi mama mjamzito hadi hospitali.

Land Rover ya Series inajua kazi hiyo. Kifundo cha njano kikibonyezwa, magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Rungu jekundu likivutwa nyuma, gari likiwa limesimama, linaingia gia nzito, nalo hutambaa topeni kwa mwendo wa mtu anayetembea bila dereva kugusa klachi. Matairi yake membamba hukata tope laini hadi yafike pagumu, mahali ambapo tairi pana la kisasa huelea na kuzunguka bure. Kosa la madereva wengi wageni ni kukanyaga mafuta. Udongo wa Kano haupigwi vita kwa kelele.

Maji nayo yana adabu yake. Kabla ya kuingia kwenye maji mengi, dereva anayejua huvua mkanda wa feni ili feni isirushie maji kwenye plagi na distribyuta. Kisha hukaza kizibo kidogo chini ya nyumba ya klachi, maji yasiingie. Akishavuka lazima akitoe, kwa sababu oili inayovuja, na Land Rover isiyovuja oili pengine haina oili, hukusanyika humo na kulowesha klachi. Siku inayofuata hufungua vifuniko vya difu aitazame oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kampuni yenyewe iliiwekea Defender ya zamani, iliyoifuata Series, kikomo cha sentimita 50 za maji. Mafuriko ya Nyando hupita kipimo hicho kwa urahisi, na maji yanayokwenda kasi hulibeba hata gari zito. Land Rover si mtumbwi, na anayeisifu kupita kiasi atamzamisha mwenziwe.

Hapo hesabu ya pesa inadai nafasi yake. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ina nguvu za farasi 77 tu, na mwenye nayo akipata kilomita sita au saba kwa lita ashukuru. Septemba 2023, lita ya petroli Nairobi ilipofika shilingi 211.64, kwenda Kisumu na kurudi Ahero kulimla mwenye Land Rover kama shilingi 1,500 za mafuta peke yake. Kampuni nyingi za bima haziligusi gari la umri huo isipokuwa kwa bima ya mtu wa tatu. Kwa safari za sokoni, matatu ni nafuu mno. Anayetaka Land Rover ili aende nayo kazini kila asubuhi anunue kitu kingine.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, si pampu ya petroli. Ni kutu. Watu huitazama bodi ya alumini isiyoshika kutu wakadhani gari zima haliozi, kumbe chesisi ni chuma, tena chuma chenye uwazi ndani. Tope la Kano huingia kwenye uwazi huo, hukaa, hushika unyevu, na chuma huliwa kutoka ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Pale alumini inapokutana na chuma, unyevu huifanya alumini iliwe. Kwa hiyo matunzo ya kwanza hayahitaji spea ya bei kubwa: ni kuosha chesisi kwa maji ya nguvu kila baada ya kutoka topeni, kuzibua matundu ya kutolea maji, kuiacha ikauke, kisha kuipaka oili ndani na nje. Mnunuzi naye asianzie kwenye injini. Achukue nyundo ndogo, alale chini ya gari, agonge chesisi kuanzia nyuma. Panapotoa sauti butu, pameoza.

Injini inaweza kubadilishwa, na hili huwagawa watu. Mafundi wengi wa Kenya na Tanzania wameziingizia Land Rover dizeli za Toyota, Nissan au Isuzu. Wapenzi wa magari ya maonyesho, wale wanaopeleka yao Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, wana haki ya kukunja uso. Kwa gari la Ahero, kukunja uso kwa namna hiyo ni anasa. Land Rover yenye moyo wa Isuzu inayobeba magunia ya mpunga ina heshima kuliko ile ya asili inayosubiri mizani, mradi mwenyewe apeleke nambari mpya ya injini kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili kitabu cha gari kiseme ukweli.

Majirani wa Tanzania wameshaligeuza penzi hili kuwa biashara. Oktoba 2024 Arusha, chini ya mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, iliandaa tamasha la Land Rover na kujaza mji kwa mamia ya magari hayo, ikilenga kuipita rekodi ya dunia iliyokuwa Ujerumani. Hoteli zilipata wageni na mafundi walipata kazi. Kisumu nayo inaweza: ina ziwa, ina hoteli na ina uwanda mzima wa tope kama kiwanja cha majaribio.

Lakini tamasha bila mafundi ni picha tu. Wanaoijua gia ya Series kwa kuisikiliza ni wazee. Walijifunza kwenye karakana za serikali, za viwanda vya sukari na za jua kali, na wengi wao hawana cheti hata kimoja. Vijana wanaowafuata wanajifunza magari ya kompyuta, na hawakosei, kwa kuwa ndiko riziki iliko. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza, na tangu mwaka 2024 serikali ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kumsaidia mzee kama huyo kupata cheti, kisha vikampa wanafunzi wawili watatu wa kumshikia spana.

Kaunti ya Kisumu nayo ina jambo rahisi la kufanya. Iandike orodha ya Land Rover na Land Cruiser za zamani zinazotembea Nyando, Nyakach na Muhoroni, ikubaliane na wenyewe kuhusu mafuta na malipo ya siku, na kuziita zibebe dawa na wagonjwa njia zinapokatika. Orodha hiyo iwe tayari kufikia Februari, kwa sababu mvua za Machi hazingoji kikao.