Bei ya mnada si hela ya mkononi

Jioni ya siku ya mnada, simu za Nachingwea na Ruangwa hazitulii. Bei ya korosho inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na kabla chai haijapoa baba ameshazidisha kilo zake kwa bei hiyo. Mama anataja sare, daftari na godoro la mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari. Mtoto yupo pembeni, anasikia kila kitu. Kesho yake godoro limechukuliwa dukani kwa mkopo.

Siku zinapita. "Baba watoto, hela imeingia?" "Bado." Mwenye duka anaulizia chake. Mama anaanza kuhisi kuna fedha zilizofichwa, na mtoto anaona ameahidiwa kitu kisichokuwepo. Nyumba nyingi hugombana hapa, ilhali hakuna aliyeiba wala aliyedanganya.

Katika msimu wa 2024/2025, korosho ziliuzwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), wanunuzi wakishindana kwa mtandao. Kwa wakulima wa chama kikuu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, bei husomwa mbele yao, nao huikubali au kuikataa. Ila kukubali bei hakumalizi biashara. Mnunuzi aliyeshinda hupewa muda wa kulipa, na mzigo hautoki ghalani kabla hajalipa. Asipolipa, ununuzi wake unaweza kufutwa na korosho zikarudi mnadani. Mkulima hajapoteza mzigo wake, lakini amepoteza muda, na bei ya mnada unaofuata inaweza kupanda au kushuka.

Hata mikataba mikubwa huvunjika. Januari 2019 Serikali ilisaini kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 za korosho. Mei mwaka huohuo mkataba ukafutwa, kwa kuwa mnunuzi hakutimiza masharti.

Basi mzazi apange matumizi kwa malipo, si kwa tangazo. Stakabadhi ya chama cha msingi itunzwe pamoja na vyeti vya watoto, mahali ambapo baba na mama wote wanapajua. Kwa katibu wa chama yaulizwe mambo matatu: mzigo wetu uliingia mnada wa ngapi, mnunuzi ameshalipa, na makato ni kiasi gani kwa kilo. Kinachoingia benki hakilingani na bei iliyotangazwa, kwa sababu ushuru, usafirishaji na ghala hukatwa humo.

Hatari kubwa zaidi ni subira kuisha. Mlanguzi wa kangomba anajua wiki zenye njaa ya hela, hufika na noti mkononi na kununua magunia yaliyobaki kwa bei ya kutupa. Kinachonunuliwa kwa hela hiyo ni godoro moja, kinachopotea ni ada ya mwaka mzima. Ni heri kwenda kwa mwenye duka mapema, wote wawili, na kumwambia ukweli kwamba mnunuzi hajalipa.

Mtoto naye aambiwe vilevile: "Korosho zimepata bei, bado hazijalipwa." Wa kidato cha kwanza anaielewa sentensi hiyo, na hatamwona baba yake kuwa mwongo.