Bustani ya Ukutani Si Pambo: Chupa Zangu Zilikufa, Gunia la Shosho Linalisha Watu

Wasee, nina deni lenu. Mnakumbuka ile video ya chupa za soda nilizopaka rangi, nikazifunga kwa kamba kwenye grili ya balkoni na kupanda spinachi? Chupa 24 za nusu lita, rangi tatu tofauti. Hakuna video yangu nyingine iliyotazamwa hivyo. Mpaka leo napata jumbe za watu wakiuliza rangi nilinunua wapi.

Ukweli ni huu: spinachi zote zilikufa kabla ya wiki tatu. Hatukula hata jani moja. Nikanyamaza, kwa sababu video ilikuwa bado inatembea.

Naandika leo kwa sababu juzi msee mmoja wa Roysambu amenitumia picha. Amefuata kila kitu nilichosema, amenunua rangi, kamba, mchanga na miche, na sasa ana chupa 24 za majani makavu. Ananiuliza, "Nilikosea wapi?" Bro, hukukosea. Mimi ndiye nilikuonyesha pambo nikaliita shamba.

Hebu tuelewane kwanza kwa nini zilikufa. Chupa ya nusu lita inabeba konzi chache tu za mchanga. Jua la saa nane likiipiga pale kwa grili, jioni mchanga umekauka kama vumbi la barabara. Mizizi ya spinachi inataka nafasi ya kushuka, na mle ndani haina pa kwenda. Ungelazimika kumwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Sasa kwa ploti yetu hapa Pipeline, maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, siku zingine tunanunua mtungi. Utanunua maji ya kumwagilia urembo?

Wakati mimi nahangaika na rangi, shosho wa nyumba ya chini alikuwa na magunia mawili kando ya geti, karibu na tangi. Sukuma zimetokea kila upande, juu amepanda dhania na vitunguu vya majani. Hakuna aliyempiga picha. Lakini mwisho wa mwezi mfuko ukitoboka, nusu ya kordo yetu ilikuwa inapiga hodi kwake. Mimi pia nimekula sukuma yake, siku ileile niliyokuwa nikijibu komenti za chupa.

Halafu keateka akaja. Kwangu alisimama chini ya balkoni akasema ploti inapendeza. Kwa shosho alisema hivi: "Shosho, hizo gunia zitoke kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye ploti anasema zinaharibu sura."

Shosho akamwangalia, akamjibu polepole: "Sawa, kijana yangu. Na wajukuu niwaambie wale sura?"

Manze, hilo jibu halijanitoka kichwani. Kitu kisicholisha mtu kimesifiwa, na kitu kinacholisha watu kimeambiwa kitoke. Na sisi wa mitandao tumechangia. Tumefundisha watu kwamba bustani ya keja ndogo ni rafu za mbao, vyungu vyeupe na taa. Ukiona gunia unafikiria umaskini. Mimi nasema gunia ndilo wazo safi kuliko yote tuliyo nayo huku mjini, na tuache kulionea haya.

Si kitu kipya. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilikuwa Kibera likigawa miche na kufundisha watu kupanda kwenye magunia. Watu hawakuwa na hata hatua mbili za ardhi, kwa hivyo shamba likasimama wima. Hiyo ni miaka mingi kabla yangu na rangi zangu.

Hivi ndivyo shosho alinifundisha. Tafuta gunia la nailoni la kilo 50 au 90. Changanya mchanga na samadi iliyooza vizuri, debe mbili za mchanga kwa debe moja ya samadi. Chukua mkebe wa lita mbili uliokatwa kitako, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto. Zungusha mchanga pande zote, kisha vuta mkebe juu, ujaze kokoto tena. Endelea hivyo mpaka gunia lijae. Ule mnara wa kokoto ndio siri yote: ukimwaga maji juu, yanashuka katikati na kufikia mizizi ya chini kabisa. Bila kokoto, juu kutakuwa matope na chini jangwa.

Kisha toboa matundu kwenye pande, ukiyapishanisha, yaachane kama shubiri moja. Kila tundu, mche mmoja wa sukuma. Gunia moja linabeba miche 20 au zaidi, na limekalia nafasi ya kiti kimoja. Baada ya mwezi mmoja na kitu unaanza kuchuma. Chuma majani ya chini, uache kichwa, litaendelea kukupa kwa miezi. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha sehemu kubwa ya kazi, usiyamwage kwa sinki. Ukiona vidukari chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza.

Mambo mawili usicheze nayo. Kwanza, mchanga. Usichote kwa jaa la taka wala karibu na gereji, na usimwagilie maji ya mtaro. Kuna madini yenye sumu kama risasi ambayo hayaondoki kwa kuosha mboga wala kuichemsha. Pili, jua. Ploti zetu zimebanana hadi unaweza kumsalimia jirani wa ng'ambo kwa mkono. Kabla hujanunua chochote, kaa nyumbani siku moja, angalia jua linagusa balkoni saa ngapi hadi saa ngapi. Kama halifiki saa nne kwa siku, usijisumbue na sukuma. Panda dhania au mnanaa kwa mtungi wa lita 20 uliokatwa ubavu, au upande juu kwa paa, pale tunapoanika nguo.

Na hapo kwa paa ndipo mwenye ploti anaingia, na siwezi kusema hana pointi. Gunia lililojaa mchanga mbichi linazidi uzito wa mtu mzima. Ukiyapanga kumi katikati ya slabu, au ukiyaning'iniza kwa grili, unatafuta balaa. Maji yakichuruzika kwa ukuta, rangi inaharibika na yeye ndiye analipa fundi. Kwa hivyo gunia lisimame juu ya matofali, karibu na ukuta au nguzo, na beseni chini yake la kukinga maji. Hayo maji ya beseni unarudisha juu kesho.

Lakini "yanaharibu sura" si sababu. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hivyo kupanda mboga mjini si ushamba wala uhalifu. Sheria hiyo haikupi paa la mtu bila ruhusa yake, tusidanganyane. Inakupa mahali pa kuanzia mazungumzo.

Ndivyo tulivyofanya. Jumapili wapangaji saba tulienda kwa keateka, shosho akiwa mbele. Tulimwambia magunia yatatoka getini, yataenda juu, pembeni, juu ya matofali, na tutafagia wenyewe. Amesema atampigia mwenye ploti. Bado hatujajibiwa, na mwisho wa mwezi ni wiki ijayo. Yakikataliwa sijui nitamwambia shosho nini.

Kwa upande wangu, deni nalilipa hivi. Ile video ya chupa sitaifuta, lakini nimeweka juu yake picha ya spinachi zilizokauka, ili atakayefuata aone mwisho wake. Kisha nitajaza gunia moja mbele yenu na kuonyesha kila Jumamosi lilivyo, hata wiki ambayo halina kitu cha kuonyesha. Video ya mwisho itakuwa sufuria na ugali.

Na wewe wa Roysambu, chupa zako usizitupe. Kata zile kubwa uoteshee miche. Gunia la kwanza tutakuja kulijaza pamoja, mchanga naleta mimi.