Samaki wa kupaka hahitaji kuogelea katika mafuta

Ukipita jioni katika vituo vya biashara vilivyo karibu na Ziwa Naivasha, hutakosa kukuta karai la mafuta yanayotokota na samaki akigeuzwa mpaka awe mkavu kama ukuni. Wengi wetu katika sehemu za Ndabibi tumeshika imani kwamba samaki asiyezamishwa katika mafuta hajapikwa. Kwa maoni yangu, imani hiyo inatugharimu afya na pesa, na wakati wa kuiacha umefika.

Samaki mwenyewe hana kosa. Tilapia ana protini nyingi ya kujenga mwili na mafuta machache. Kosa linaanzia karaini. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na samaki wa kukaanga hunywa mafuta bila sisi kuhesabu vijiko. Mafuta yakirudiwa siku baada ya siku hadi yakawa meusi, huharibika na kuzidi kuudhuru mwili. Tusisahau kwamba shinikizo la damu na maradhi ya moyo hayabagui tajiri wa mjini na mkulima wa mashambani.

Dawa tunayo: samaki wa kupaka, mlo maarufu wa Lamu na Mombasa, ambao huchomwa kwa makaa. Hata hivyo, hapa pia pana mtego. Wapishi wengi hutumia kasimile, yaani tui la kwanza lililo zito. Katika kila gramu 100 za tui zito mna takriban gramu 20 za mafuta, mengi yakiwa ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya. Hatusemi nazi ipigwe marufuku, bali ipunguzwe.

Kwa familia ya watu wanne, fanya hivi. Chukua samaki wawili wa kadiri, uwachanje mbavuni na kuwapaka limau, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, pamoja na chumvi nusu kijiko cha chai. Wachome kwa makaa ya wastani dakika kama nane kila upande, hadi nyama iachane na mifupa. Wakati huo, kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja tu cha mafuta, tia nyanya mbili na bizari, kisha kikombe kimoja cha tui la pili, lile jepesi. Likishaanza kushikana, kamulia limau na umpake samaki pande zote, kisha mrudishe motoni kwa dakika mbili. Kazi yote haizidi nusu saa.

Wako watakaosema kwamba kupaka ni kwa changu na tafi wa baharini, si samaki wa ziwa. Hoja hiyo haina uzito. Hata samaki tunaovua Naivasha ni wageni: bass waliletwa kutoka Marekani mwaka wa 1929, na kamba wa maji baridi wakatiwa ziwani mwaka wa 1970. Ikiwa wageni hao wamekaribishwa, kwa nini tuukatae upishi wa ndugu zetu wa pwani?

Jambo la mwisho ni sahani yenyewe. Kitoweo kikiwa chepesi lakini ugali ukawa mlima, hatujafanya kitu. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki au kabichi, mboga ambazo wengi wetu tunazo shambani. Tujihadhari pia na unga wa mchuzi wa pakiti, kwa maana una chumvi nyingi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku.

Akina baba nao wasingoje kuandaliwa. Anayeweza kuchoma nyama Jumapili hashindwi kuchoma samaki Jumatano. Karai lipumzishwe, na jiko la makaa lifanye kazi yake.