Miwani Yenye Jicho la Pili



Miwani ilibuniwa ili mwenye macho hafifu aone vema. Siku hizi imezuka miwani ya namna nyingine, ambayo hupiga picha, hurekodi sauti, hupokea simu na kujibu maswali ya aliyeivaa kwa msaada wa programu ya kompyuta. Kwa kuitazama, ni vigumu kuitofautisha na miwani ya kawaida, na hapo ndipo ilipo hoja yetu.

Jambo hili si geni kabisa. Mwaka 2013 kampuni ya Google iliwauzia watu wachache miwani ya Google Glass kwa dola za Marekani 1,500. Wengi waliichukia kwa kuwa hawakupenda kupigwa picha bila kujua, na mwaka 2015 ikaondolewa katika soko la watu wa kawaida. Iliendelea kutumika viwandani hadi mwaka 2023 ilipoachwa. Lakini mwaka huohuo wa 2023 kampuni ya Meta, ikishirikiana na watengenezaji wa Ray-Ban, ilileta miwani mipya kwa bei ya kuanzia dola 299. Safari hii wanunuzi wamekuwa wengi.

Hatuna budi kukiri manufaa yake. Tangu mwaka 2024 asiyeona aliye katika baadhi ya nchi aweza, kwa njia ya huduma iitwayo Be My Eyes, kumwita mtu wa kujitolea atazame kupitia miwani hiyo na kumweleza kilicho mbele yake. Huo ni ukombozi wa kweli. Hata hivyo, chombo hiki huhitaji intaneti, betri yake huisha, na programu yake hukosea. Asiyeona akisomewa vibaya kipimo cha dawa, atalitambuaje kosa?

Lakini swali la haki lamhusu zaidi yule anayetazamwa. Mwenye miwani ameinunua kwa hiari yake; aliye mbele yake hakuulizwa. Ni kweli kwamba taa ndogo huwaka wakati wa kurekodi, ila asiyejua maana yake haimsaidii kitu. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, kwa nia ya kutoa onyo, walionyesha kwamba picha za miwani hiyo zikiunganishwa na programu za kutambua nyuso, mtu asiyefahamika aweza kujulikana jina na hata anwani yake.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Twazipongeza. Lakini sheria isiyojulikana na wananchi ni sawa na taa iliyofunikwa.

Yafaa basi tuanze kwetu. Mjane aelezapo jinsi alivyonyang'anywa shamba, au kibarua anapomshtaki mwajiri asiyelipa, usalama wao u katika siri ya kikao. Viongozi waulize mwanzoni mwa kikao kama yupo mwenye chombo cha kurekodi, nacho kiwekwe kando. Asiyeona asinyang'anywe msaada wake. Apewe mtu amwaminiye wa kukaa karibu naye. Wala tusingoje miwani hii ienee vijijini ndipo tukubaliane. Anayekuja kutueleza shida yake ana haki ya kujua ni macho mangapi yanamtazama.