Pesa za langoni zibaki msituni

Mnamo Agosti 2025 Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) liliagiza ada za kuingia Msitu wa Karura jijini Nairobi zilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, na Friends of Karura, chama cha jamii kinachousimamia msitu huo pamoja na KFS, kikaenda mahakamani kulipinga agizo hilo. Tusidhani ni ugomvi wa matajiri wa mtaa jirani wa Muthaiga tu. Karura, ambayo Wangari Maathai aliipigania dhidi ya wanyakuzi mwaka 1999, ilikuwa pahali pa kuogopwa hadi ua wa umeme ulipowekwa na ada za wageni zikaanza kulipa walinzi na vibarua, wakiwemo wakazi wa vijiji jirani kama Huruma.

Wanaotetea agizo hilo wanasema msitu ni mali ya umma na fedha za umma sharti zionekane. Ni kweli. Lakini ukaguzi wa kila mwaka unaotangazwa ungetosha. Si lazima pesa zihamie kwingine kisha jamii izililie. Hoja nzito zaidi inatoka magharibi mwa jiji: Msitu wa Ngong Road, uliopasuliwa na barabara ya Southern Bypass, haupakani na mtaa wa kitajiri wa Karen pekee bali na mtaa wa mabanda wa Kibera pia, na mkazi anayehesabu nauli hatalipa ili atembee chini ya miti. Kwake ada ishushwe, hata ifutwe, na mtalii wa kigeni alipe zaidi. KFS na vyama vya misitu yote miwili waandikiane mgao wa mapato kabla ya bajeti ijayo.